Mahali Ambapo Ukikosa Utaulizwa: Mwongozo wa Kazi na Kujitolea kwa Mtu Mwenye Ulemavu Mombasa

Watu wanaoniuliza kuhusu kazi mara nyingi huanza na swali la moyo: mtu aliyezoea kukaa nyumbani atapata wapi ujasiri wa kwenda kusimama mbele ya watu wasiomjua? Mimi natembea kwa magongo mawili tangu utotoni, na nilipomaliza shule nilikaa miaka minne kwenye baraza ya nyumba yetu Likoni nikiungoja ujasiri huo, nao haukuja. Aliyekuja ni muuguzi wa zahanati ya mtaani, aliyemwomba mama aniruhusu nikamsaidie kuandika majina ya watoto wa chanjo, kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Wiki ya tatu mvua ilinizuia. Ilipofika saa tatu akaja mtoto mbio kutoka zahanati, maji yakimchuruzika, akasema, "Kaka, waulizwa kule. Daftari hakuna anayelielewa."

Tangu niache shule, hakuna mtu aliyekuwa ameniulizia. Nilikwenda siku ile nikiwa nimelowa, na sikumbuki kama nilijiona jasiri. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na haraka. Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja katika kila hatua, iwe ni kazi ya mshahara, ya kujitolea au biashara yako mwenyewe: tafuta mahali ambapo ukikosa utaulizwa. Nimeuandika kwa ajili ya wakazi wa Mombasa wenye ulemavu wa aina yoyote, na kwa ndugu zao wanaosoma kwa niaba yao, ingawa mifano mingi itaelemea upande wa viungo kwa kuwa huko ndiko ninakokujua kwa mwili wangu.

Hatua ya kwanza: Andika unachofanya, kwa vitenzi

Chukua daftari, na kwa siku saba mfululizo andika kila jambo ulilofanya ambalo mtu mwingine alifaidika nalo. Andika kwa vitenzi: nilihesabu, nilishona, nilimbembeleza mtoto, nilipiga simu, nilikumbusha. Sifa kama "mvumilivu" na "mchapakazi" ziache, kwa sababu mwajiri amezisoma katika kila barua aliyoletewa na hazimwambii utafanya nini Jumatatu asubuhi. Asiyeandika ajirekodi kwa simu, au amwambie mtu wa nyumbani amwandikie bila kupunguza wala kuongeza.

Utashangaa orodha itakavyokuwa ndefu. Kijana asiyeona ambaye humkumbusha kaka yake mwenye kioski ni nani aliyekopa unga na tangu lini, tayari anatunza hesabu za wadeni. Anachohitaji ni simu inayomsomea maandishi kwa sauti, na simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack ndani yake bila malipo ya ziada, ili hesabu hiyo itoke kichwani mwake na kukaa mahali ambapo na wengine wataiona. Msichana kiziwi anayewasuka majirani siku ya kuamkia Idi tayari ana wateja, ana ratiba na ana bei, hata kama bei yenyewe ni sahani ya biriani. Kijana mwenye ulemavu wa akili anayejua kupanga viti vya harusi kwa mistari iliyonyooka, na anayekasirika mtu akivisogeza, ana ustadi ambao wapangaji wa hafla hulipia.

Kando ya kila kitenzi andika mambo matatu: ulitumia muda gani, ilikuwa saa ngapi, na kitu gani kilikukwamisha. Safu hii ya tatu ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa haya. Iandike kwa uangalifu wa fundi. Ukiandika "nilishindwa kupanda," umejiandika wewe kuwa ndiye kasoro, na hakuna mtu atakayejua la kukusaidia. Ukiandika "ngazi saba, hakuna mahali pa kushika upande wa kushoto," umetaja kitu ambacho seremala anaweza kukirekebisha kwa asubuhi moja. Safu ya saa nayo itakuonyesha mpangilio wa mwili wako: pengine viungo hukakamaa hadi saa tatu, au dawa za kifafa hukupa usingizi baada ya chakula cha mchana, au joto la Januari na Februari hukumaliza kabla ya adhuhuri. Kwa mpangilio huo utaweza kumwambia mtu, bila kuomba radhi, "Mimi niko vizuri kuanzia saa nne hadi saa tisa."

Hatua ya pili: Kamilisha hati zako

Hatua hii inachosha, kwa hiyo nitaipita upesi. Kwanza uwe na kitambulisho cha taifa na namba ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru. Kisha ujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, usajili ambao unategemea ripoti ya tathmini ya daktari kutoka hospitali iliyoidhinishwa, na ambao maombi yake hupitia mtandao wa eCitizen. Asiye na simu nzuri wala mtu wa kumsaidia aende Huduma Centre iliyoko katika jengo la posta kuu, barabara ya Digo, asubuhi na mapema kabla foleni haijawa ndefu.

Kadi ya Baraza haimpi mtu kazi, na mtu asikudanganye kwamba inafanya hivyo. Inachofanya ni kukufungulia maombi mengine, likiwamo la msamaha wa kodi ya mapato kwa mwenye ulemavu anayelipwa, ambao hufikia mapato ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Msamaha huo hauji wenyewe siku unapoajiriwa. Ni lazima uuombe, upewe cheti, na ukumbuke kukihuisha kabla muda wake haujaisha. Nimewaona watu waliokatwa kodi mwaka mzima kwa sababu cheti chao kilikwisha muda na karani wa mishahara hakuwa na wajibu wa kuwakumbusha.

Piga nakala za hati zote, moja uiweke nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini. Mwenye magongo ana mikono miwili iliyoshughulika daima, kwa hiyo tafuta mkoba wa mgongoni wenye mfuko wa plastiki ndani; kivuko cha Likoni na mvua za masika vimeharibu vyeti vingi kuliko panya.

Hatua ya tatu: Pima njia kabla ya kuipenda kazi

Mombasa ni kisiwa, na wengi wetu tunaishi ng'ambo. Kabla hujasema ndiyo kwa mtu yeyote, fanya safari nzima ya kwenda na kurudi mara mbili, saa zile zile ambazo utakuwa ukisafiri, na mara moja kati ya hizo iwe siku ya mvua.

Kwa anayevuka Likoni, feri haimtozi nauli mtu wa miguu, lakini huchukua nguvu zake. Mteremko wa kuingia ni mkali, na unabadilika kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Asubuhi umati hushuka kwa wimbi moja, na mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu akisukumwa pale hana pa kushika. Mimi hufika mapema, nikajitambulisha kwa walinzi wa lango, na kuomba niingie kabla ya umati kuachiliwa. Mwanzoni niliona haya kuomba hivyo. Siku hizi walinzi wakiniona huita wenyewe. Asiyeona na ashuke akiwa ameshika bega la mtu aliyemchagua yeye, kwa sababu wasaidizi wanaojitokeza ghafla huvuta mkono badala ya kuutoa, na kwenye mteremko huo ni hatari.

Kwa safari za kisiwani, na za kuelekea Kisauni, Nyali au Changamwe, tuktuk ina sakafu ya chini kuliko matatu na dereva wake anaweza kukushusha mlangoni, na kiti kinachokunjwa huingia nyuma ya dereva. Tatizo lake ni bei. Matatu ni rahisi, lakini makanga wengine hawasimami wakikuona, na wengine hukulipisha nafasi ya kiti chako cha magurudumu kama kwamba nacho ni abiria. Fanya hesabu ya mwezi mzima kabla hujafurahia mshahara: nauli ya siku moja mara siku za kazi, ongeza siku nne za mvua ambazo utalazimika kupanda tuktuk. Ikiwa nauli inakula zaidi ya theluthi moja ya malipo, jadiliana kuhusu siku chache zenye saa nyingi, au tafuta pahali pa karibu. Wako watakaokuambia ujitahidi tu kwa sababu kazi ni kazi, lakini aliyefika kazini amechoka hadi mikono inatetemeka hataulizwa akikosa. Ataachwa apumzike, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo mlango wa kutokea.

Usisahau kilicho ndani ya jengo lenyewe. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli kizuri, lakini vizingiti vya nyumba ni virefu na ngazi zimesimama wima. Uliza choo kiko wapi na mlango wake una upana gani. Ni swali la aibu kuuliza mara moja, na la mateso usipouliza.

Hatua ya nne: Jitolee kwa mkataba, hata kama ni wa mdomo

Nakushauri uanze kwa kujitolea, kwa muda mfupi na kwa masharti. Sababu yake ni kwamba mahali pa kujitolea panaruhusu makosa ya mwanzo, ya wewe kujua mwili wako unabeba nini na ya wengine kujifunza kukaa na wewe. Lakini kujitolea kusiko na mipaka humgeuza mtu mwenye ulemavu kuwa kibarua wa bure, au pambo.

Mahali si haba. Zahanati zina madaftari. Madrasa na makanisa yana mahudhurio ya watoto ya kuandika na vitabu vya kukarabati. Shule za msingi zina watoto wanaohitaji mtu wa kuwasikiliza wakisoma, na kwa kazi hiyo asiyeona anayesikia vizuri huwashinda wenye macho, kwa sababu hadanganywi na mtoto anayekariri picha. Fukwe zina vikundi vya wavuvi vinavyohitaji mtu wa kuandika uzito wa samaki. Msalaba Mwekundu una tawi hapa Mombasa na huwapa mafunzo watu wake wa kujitolea. Viko pia vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, na huko utapata kitu ambacho hakipatikani kwingine: watu waliokutangulia katika tatizo lile lile, wanaojua ni fundi gani anayetengeneza kiti vizuri na ni ofisi gani yenye lifti inayofanya kazi.

Unapokwenda kuomba nafasi, usiseme "nataka kusaidia," kwa maana utaambiwa "asante, tutakuita." Omba kazi moja unayoijua kutoka kwenye daftari lako la vitenzi. Kisha mkubaliane, na ikiwezekana muandike kwenye karatasi, mambo haya: kazi yenyewe ni ipi, siku na saa ni zipi, nani atakayekupokea na kukusimamia, nauli italipwa na nani, itaisha lini, na mwisho utapewa barua inayosema ulifanya nini. Miezi mitatu inatosha. Swali ambalo hujibiwa vibaya zaidi ni la msimamizi. Ukiambiwa "utakuwa chini ya ofisi," kataa kwa adabu na uombe jina la mtu, kwa sababu ofisi haiwezi kukuulizia.

Jihadhari na kazi ya kupigwa picha. Nilialikwa wakati fulani na kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, nikiambiwa kuwa nitakuwa mshauri wao wa mambo ya watu wenye ulemavu. Katika miezi mitano niliitwa mara nne, kila mara siku ya wageni, nikaketi safu ya mbele kwa fulana mpya. Sikuwahi kuulizwa neno. Nilipokosa mara ya tano hakuna aliyepiga simu, bali walimtafuta mwenzangu mwenye kiti cha magurudumu akaketi pale pale. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ikiwa siku zako zinapangwa kwa kufuata kamera, jiondoe.

Kuna jambo jingine litakalokupata, hasa ukikaa mahali panapopita watu. Siku moja pale zahanati mzee mmoja alimleta mjukuu wake, akanitazama, akatia mkono mfukoni na kuweka shilingi ishirini juu ya daftari langu. "Mwanangu, Mungu akujaalie," akasema. Alikuwa na nia njema, nami nilikuwa na kalamu mkononi na foleni ya akina mama nyuma yake, masikio yamewaka moto. Nikasema, "Shikamoo babu. Pesa zako hizi, na kadi ya mtoto iko wapi?" Akaitikia, akaitoa kadi, nikamwandika mjukuu na kumpa tarehe ya kurudi, na hapo ndipo alipoelewa mimi ni nani katika chumba kile. Alichukua pesa zake bila neno. Waliponifuata wengine kwa sadaka nilifanya hivyo hivyo: nairudisha kwa heshima, na kabla ya maelezo yoyote naomba kile ambacho kazi yangu inahitaji kutoka kwao. Hotuba kuhusu utu wa watu wenye ulemavu ninayo, lakini foleni ile haikuwa na nafasi yake.

Hatua ya tano: Zungumza na nyumbani

Kikwazo cha kwanza kwa wengi si mwajiri. Ni mama, au shangazi, au kaka anayelipa kodi ya nyumba, ambaye anaogopa utaanguka, utachekwa, au utaibiwa simu. Wengine wanaogopa pia kwamba ruzuku ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi, inayopewa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, itakatwa. Hofu hiyo ifafanuliwe kwa maafisa wa mpango wenyewe wa eneo lenu badala ya kwa majirani. Usibishane. Mwombe anayeogopa zaidi akusindikize siku ya kwanza, akae nusu saa, aondoke. Mama yangu alikaa saa nne, na kufika adhuhuri alikuwa akiwapanga akina mama wengine foleni.

Hatua ya sita: Omba kazi ya mshahara ukijua sheria, lakini usianze na sheria

Sheria iko upande wako, na ni vizuri uijue kwa maneno yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na hata ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, haki ya kufika mahali pa umma, na haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Na inaitaka serikali ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma zinakwenda kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wake, katika kuajiri, katika mafunzo na katika malipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa ajili yetu.

Hata hivyo barua inayoanza kwa vifungu humfanya mwajiri amwite wakili wake. Anza na vitenzi. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na kazi tatu ulizozifanya ambazo zinafanana nayo, pamoja na muda. Aya ya pili itaje ulemavu wako kwa sentensi moja, na iambatane mara moja na namna unavyofanya kazi. Kwa mfano: "Mimi ni kiziwi, nawasiliana kwa lugha ya ishara na kwa maandishi, na katika kituo nilichojitolea tulitumia ujumbe wa simu kwa maelekezo yote ya kila siku." Usiandike "licha ya ulemavu wangu," wala usieleze chanzo chake, dawa zake au mitihani ya Mungu, hayo ni ya nyumbani.

Je, ni lazima kutaja? Ulemavu usioonekana, kama vile kifafa kinachodhibitiwa kwa dawa au ugonjwa wa akili ulioimarika, unaweza kuunyamazia katika barua. Maoni yangu ni kwamba uutaje kabla ya kuanza kazi ikiwa utahitaji kitu chochote kutoka kwao, kama vile kutopangiwa zamu ya usiku, kwa kuwa ombi linalokuja baada ya tatizo husikika kama kisingizio.

Ukiitwa kwenye mahojiano, jibu siku hiyo hiyo na uombe unachohitaji: "Nashukuru kwa mwaliko. Natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo naomba mahojiano yafanyike katika chumba cha chini." Kiziwi aombe mkalimani wa lugha ya ishara, na asikubali kutafsiriwa na ndugu yake, kwa sababu ndugu hujibu kabla ya kutafsiri. Siku yenyewe, anayekuhoji akimwelekea mtu aliyekusindikiza na kuuliza "Yeye anaweza kuandika?", jibu wewe, kwa utulivu, ukimtazama yeye.

Pwani ina mfano wa zamani wa kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa wingi. Warsha za Bombolulu, kando ya barabara ya kwenda Malindi, zilianzishwa mwaka 1969 na zinaendeshwa na Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya. Humo mafundi wenye ulemavu wametengeneza vito, nguo, vinyago na bidhaa za ngozi kwa ajili ya masoko ya ndani na ya nje, huku wengine wakiishi hapo hapo na familia zao. Ninaipenda Bombolulu, lakini natamani isiwe jibu la pekee ambalo watu wanalo kichwani. Mtu akisikia "kazi ya mlemavu" na kufikiria shanga tu, mhasibu mwenye magongo atabaki barazani.

Hatua ya saba: Panga wiki sita za kwanza

Marekebisho mengi ni ya bei ndogo kuliko mwajiri anavyoogopa. Meza huinuliwa kwa vipande vinne vya mbao ili magoti yaliyo kwenye kiti yaingie chini yake. Simu ya kupigwa hubadilishwa kuwa ujumbe. Kiti huwekwa kwa mtu aliyetarajiwa kusimama, kama vile keshia, na wateja hawaoni tofauti. Maelekezo kwa mwenye ulemavu wa akili hugeuzwa kuwa picha tano zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio. Omba kwa kutumia safu ya tatu ya daftari lako: kitu kimoja, mahali pamoja, na pendekezo la fundi.

Kila Ijumaa katika wiki hizo sita, muulize msimamizi wako maswali mawili: nini kimekwenda sawa, na nini nifanye tofauti. Wasimamizi wengi huona haya kumkosoa mtu mwenye ulemavu, wanayafumbia macho makosa yake, kisha mkataba ukiisha wanamwacha. Uwatoe haya hiyo mapema. Siku uliyofokewa kama wenzako kwa kuchelewa, nenda nyumbani ukiwa na amani. Kuhusu malipo, ulinganishe na ya wenzako wa kazi ile ile. Ukipunjwa, liseme kwanza kwa maandishi kwa mwajiri, weka nakala, kisha upeleke kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya kazi.

Hatua ya nane: Ukichagua biashara yako

Wapo ambao mwili wao haukubali saa za mtu mwingine, na hao wafanye yao. Mahamri na mbaazi za asubuhi, ushonaji, kutengeneza simu, kufuma makuti, kuandikia watu maombi ya mtandaoni. Chagua kitu ambacho watu wanakihitaji saa ile ile kila siku, kwa maana mteja wa mahamri akikosa mahamri saa kumi na mbili na nusu atagonga mlango. Pokea malipo kwa M-Pesa, kwa sababu asiyeona hadanganywi noti na kumbukumbu inabaki kwenye simu. Mikopo ya mtaani uiwekee kikomo tangu siku ya kwanza, uandike kikomo hicho ubaoni, na usikiondoe hata kwa binamu.

Ukikua, sajili kikundi au kampuni. Serikali ya Kenya hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi cha mafundi cherehani wenye ulemavu kinaweza kuomba kushona sare au mapazia. Angalizo la aliyeunguzwa: malipo ya zabuni huchelewa, kwa hiyo usichukue kazi ambayo vitambaa vyake vitamaliza akiba yako yote.

Hatua ya tisa: Siku mwili unapogoma, na siku unapoondoka

Vidonda vya kukaa, homa, gongo lililovunjika, wiki ya giza ambayo hakuna daktari anayeiona kwa macho: vitakuja. Andaa mapema ujumbe mfupi kwenye simu yako, uliokwisha andikwa, wa kumtumia msimamizi kabla ya saa ya kuanza: sitakuja leo, kazi iliyobaki iko mahali fulani, nitakupigia siku fulani. Anayetoa habari hubaki na nafasi yake kwa muda mrefu kuliko anayejificha kwa aibu na kurudi baada ya wiki mbili na barua ya daktari.

Na utakapopata kazi bora, usiondoke ghafla mahali ulipojitolea. Tafuta mtu mwingine anayekaa barazani, mwenye ulemavu au la, mlete wiki tatu kabla, mkae pamoja, umwonyeshe. Mimi nilimleta msichana kutoka Mtongwe anayeandika kwa mkono mmoja. Nilimweleza kwa nini majina ya mapacha huandikwa mstari mmoja, ni akina mama gani hubadilisha jina la mtoto wakirudi, na droo ipi inakwama wakati wa mvua. Alhamisi ya kwanza niliyokuwa kazini kwangu kupya, muuguzi alinipigia simu saa nne. Nilidhani ananiulizia mimi. Kumbe msichana alikuwa amechelewa feri, naye alitaka namba yake.